Siku mbili za mafunzo ya ulemavu kwa wanafunzi wa udaktari: tathmini ya mkufunzi wa wodi ya wazazi

Mwezi wa Juni mwaka huu niliwapeleka wanafunzi 22 wa mwaka wa tano wa udaktari, ninaowasimamia katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam, kwenye mafunzo ya siku mbili kuhusu ulemavu na ubaguzi wanaofanyiwa watu wenye ulemavu katika huduma za afya. Mafunzo hayo hutolewa na kikundi kidogo cha wakufunzi watano, wanne kati yao wakiwa watu wenye ulemavu na wa tano mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Ada ni shilingi 25,000 kwa kila mwanafunzi, pamoja na chakula cha mchana. Ninaandika kwa ajili ya wakufunzi wenzangu na viongozi wa vyama vya wanafunzi wanaofikiria kuwaalika, kwa sababu nimeulizwa mara kadhaa kama mafunzo hayo yanastahili fedha hiyo. Yanastahili, ingawa siku ya pili ina saa moja na nusu ambayo ningeiondoa yote.

Kilichonipeleka huko si ratiba ya chuo, kwa maana katika miaka mitano ya masomo yangu mwenyewe sikuwahi kupata hata kipindi kimoja cha aina hii. Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea mama mjamzito Kiziwi aliyekuja na mdogo wake. Uchungu ulikuwa umekwama na mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yanashuka. Nilimweleza yule mdogo wake kila kitu kwa ufasaha, nikaridhika kwamba nimeeleza, na karatasi ya ridhaa ikatiwa sahihi. Mama alipozinduka baada ya upasuaji alichukua simu yake akaandika: “Mtoto wapi? Nimepasuliwa kwa nini?” Mtoto alikuwa salama, na jalada lilikuwa limejazwa bila kasoro yoyote ambayo mkaguzi angeweza kuiona. Maswali yale mawili sijayasahau, na nilitaka wanafunzi wangu wakutane nayo kabla hawajaulizwa na mgonjwa wao.

Mafunzo yalianza bila hotuba. Mkufunzi wa kwanza, mwanamume anayetumia kiti mwendo tangu alipoumia uti wa mgongo, alijitambulisha kwa neno moja tu, “mwalimu”, kisha akawaambia wanafunzi wachukue historia yake ya ugonjwa kama wangefanya kliniki, akajibu kila alichoulizwa na kutosema chochote ambacho hakuulizwa. Wanafunzi walimuuliza ajali ilitokea wapi, bodaboda ilikuwa kwenye mwendo gani, alipelekwa hospitali gani, kama ana mke, kama bado anaweza kupata watoto. Nilikuwa nimeketi nyuma nikiangalia saa: zilipita dakika 11 kabla ya binti mmoja kumuuliza kilichomleta hospitali siku hiyo. Kilichomleta kilikuwa kikohozi cha wiki tatu, jasho la usiku na kupungua uzito, dalili ambazo kila mmoja wao angezifuata moja kwa moja hadi kwenye kipimo cha makohozi kama zingetoka kwa mtu aliyeingia chumbani akitembea. Mwalimu hakuwakemea. Aliwaomba tu wahesabu ni maswali mangapi kati ya yale yaliyoulizwa yangemsaidia mtu mwenye kifua kikuu, na ukumbi ukanyamaza. Nimefundisha uchukuaji wa historia kwa miaka tisa na sijawahi kuona somo likiingia kwa kasi ile.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba hakuishia hapo. Angeishia hapo, wanafunzi wangeondoka wakidhani kwamba heshima ni kujifanya hawauoni ulemavu, na hilo nalo linaua. Katika nusu saa iliyofuata aliwafundisha hatari inayowakabili watu walioumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu: kibofu kilichojaa, choo kigumu au hata kiatu kinachobana kinaweza kulipandisha shinikizo la damu ghafla hadi kumpasua mtu mshipa wa ubongo, na dalili huwa ni kichwa kugonga, uso kuwa mwekundu na jasho jingi juu ya eneo la jeraha. Aliwaeleza pia kwamba shinikizo la kawaida la watu hao huwa chini, hivyo kipimo cha 140 kinachoonekana kidogo tu juu ya kawaida kwa mtu mwingine chaweza kuwa dharura kwao, na kwamba jambo la kwanza ni kumketisha mgonjwa wima, kulegeza nguo na kukagua mpira wa mkojo kabla ya kukimbilia dawa. Kwa sisi wa wodi ya wazazi aliongeza jambo ambalo wengi hatulijui: uchungu wa uzazi wenyewe huweza kuleta hali hiyo, ikafananishwa na dalili za awali za kifafa cha mimba, ilhali ukipima kwa makini utaona shinikizo linapanda pamoja na mkazo wa tumbo na kushuka mkazo unapoachia. Hapo ndipo nilipoelewa ustadi wa mafunzo haya. Asubuhi ileile mtu yuleyule aliwafundisha wasiuone ulemavu mahali usipohusika, kisha wasiupuuze mahali unapohusika, na mambo yote mawili aliyasema mtu anayeishi katika mwili huo.

Baada ya chai kila mwanafunzi alipewa kipande cha karatasi kisicho na jina, akaombwa aandike kama anadhani maisha ya mtu mwenye ulemavu mkubwa ni bora, sawa, au duni kuliko yake mwenyewe. Karatasi 19 kati ya 22 zilisema duni. Ndipo tukaonyeshwa kwamba hatuko peke yetu: katika utafiti ulioongozwa na Lisa Iezzoni wa Chuo Kikuu cha Harvard na kuchapishwa mwaka 2021, uliohusisha madaktari 714 wa Marekani, asilimia 82.4 walisema watu wenye ulemavu mkubwa wana maisha duni kuliko watu wasio na ulemavu, na ni asilimia 40.7 tu waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba wanaweza kuwapa huduma yenye ubora sawa na ya wengine. Kando ya takwimu hizo mkufunzi aliweka nyingine ya mwaka 1999, ya watafiti Albrecht na Devlieger, waliowauliza watu wenye ulemavu wenyewe na kukuta asilimia 54 wakisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Iezzoni mwenyewe ni daktari anayetumia kiti mwendo, jambo ambalo wanafunzi wawili hawakuliamini mpaka walipoonyeshwa picha, na kutoamini kwao kulikuwa somo jingine.

Ningependa wakufunzi hao waongeze muda hapa, kwa sababu mjadala ulikatwa ukiwa bado moto. Imani kwamba maisha ya mtu ni duni haibaki moyoni mwa daktari. Inashuka hadi kwenye kalamu. Ndiyo inayomfanya asipendekeze upasuaji ambao angempendekezea mwingine, au asimpeleke mwanamke mwenye kiti mwendo kwenye uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kudhani kwamba huyo hana mwenzi. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Desemba 2022, lilikadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mtu mmoja kati ya sita duniani, wana ulemavu mkubwa, na kwamba baadhi yao hufariki hadi miaka 20 mapema kuliko wasio na ulemavu. Sehemu ya pengo hilo inatokana na mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa tano anaweza kuyarekebisha kwa mikono yake mwenyewe.

Kipindi cha lugha kiliongozwa na mwalimu asiyeona, ambaye kitaaluma ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, nacho kilikuwa bora kuliko nilivyotarajia. Aliandikiwa ubaoni maneno matatu, kiwete, kipofu na kiziwi, akauliza yako katika ngeli gani. Kisha akauliza kwa nini mkulima, mganga na mwizi wako pamoja na watu, na hawa watatu wamewekwa pamoja na kiti na kisu. Hakudai kwamba sarufi ndiyo iliyowabagua watu, na alikiri kwamba leo sote tunasema “kiziwi amekuja” kwa upatanisho wa watu, lakini alitaka tusikie sauti ya neno kabla ya kulitamka mbele ya mgonjwa. Mkufunzi Kiziwi aliomba nafasi akampinga: yeye anajiita Kiziwi kwa fahari, chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, na neno asilolitaka ni “bubu”. Wakajadiliana mbele yetu, mmoja kwa sauti na mwingine kwa Lugha ya Alama ya Tanzania kupitia mkalimani, bila mmoja wao kushinda. Kanuni tuliyotoka nayo ni rahisi kuieleza wodini: muulize mhusika anapenda kuitwaje, na katika jalada andika kilichomleta, kwa sababu “mlemavu” si utambuzi wa ugonjwa.

Mwalimu huyo aligusa pia msemo “hujafa hujaumbika”, ambao wengi wetu huutamka kwa nia njema kabisa. Alisema kila anapousikia hospitalini huhisi amegeuzwa onyo kwa wapita njia, mfano wa balaa linaloweza kumpata yeyote, ilhali yeye amekuja kupimwa sukari tu. Mimi nimeusema msemo huo mbele ya wagonjwa mara nyingi. Sitausema tena.

Mwanamke mwenye ualbino alipewa dakika 40 tu, muda mfupi mno, naye alizitumia kwa busara. Aliacha habari za ukatili ambazo kila mtu amezisikia, akazungumza juu ya dakika ya kwanza baada ya kujifungua, pale mkunga anapomwona mtoto mwenye ualbino na kunyamaza, na mama anausoma ukimya ule kabla ya kumbeba mtoto wake. Akaeleza mama anachopaswa kuambiwa siku hiyohiyo: mtoto akingwe na jua tangu mwanzo, nguo za mikono mirefu na kofia pana, mafuta ya kukinga jua kama yale yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, macho yapimwe mapema, na shuleni aketishwe mbele. Nilimwona mwanafunzi mmoja akinakili kila neno.

Alasiri ya siku ya kwanza ilikuwa ya mkufunzi Kiziwi, nami niliketi karibu zaidi kwa sababu nilizozieleza hapo juu. Aliwafanyisha wanafunzi zoezi la kuomba ridhaa ya upasuaji kupitia mkalimani, na kila mwanafunzi aliyemtazama mkalimani badala yake alirudishwa mlangoni aanze upya. Wengine walirudishwa mara tatu. Aliwaonyesha kwamba barakoa inafunika zaidi ya midomo, kwa kuwa katika lugha ya alama uso wenyewe unabeba sarufi, na kwamba kumwandikia mgonjwa Kiswahili kirefu kwenye karatasi si suluhisho la uhakika, kwa sababu kwa Viziwi wengi Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili. Kisha akauliza swali ambalo halikupata jibu la haraka: kama majibu ya kipimo cha VVU ya mwanamke Kiziwi yanafasiriwa na kaka yake, au na binti yake wa miaka 10, siri ya mgonjwa iko wapi? Mwanafunzi mmoja alisema, “Lakini mwalimu, wodini kwetu hakuna mkalimani.” Alijibiwa kwamba hiyo ni hoja ya kupeleka kwa mganga mfawidhi kwa maandishi, na kwamba kabla ya barua kujibiwa kuna simu ya video, kuna picha, kuna ishara kumi za msingi ambazo angewafundisha papo hapo. Akawafundisha. “Maumivu”, “wapi”, “mtoto”, “damu”, “subiri”, “nitarudi”. Hiyo “nitarudi” aliirudia, akisema mgonjwa Kiziwi huachwa kitandani bila kujua kama daktari amekwenda kuleta dawa au amekwenda nyumbani.

Asubuhi ya siku ya pili tulirudi wodini na tepu za kupimia. Kitanda cha uchunguzi tunachokitumia kila siku kina urefu wa sentimita 84 kutoka sakafuni. Kiti cha kiti mwendo cha mwalimu kilikuwa na sentimita 49. Nimesimama kando ya kitanda kile miaka yote hii bila kujua kwamba kwa mtu fulani ni ukuta. Mizani yetu ni ya kusimama, na wanafunzi walipoulizwa jinsi ya kumpima uzito mama asiyeweza kusimama, jibu la kwanza lilikuwa “tunakadiria”. Mwalimu aliuliza kama dawa ya usingizi nayo inakadiriwa. Njia aliyoionyesha haina gharama kubwa: mizani ya mizigo kutoka stoo, mgonjwa apimwe pamoja na kiti chake, kiti kipimwe peke yake, tofauti ndiyo uzito wa mama. Ilichukua dakika nne.

Sasa nifike kwenye saa moja na nusu niliyoitaja. Baada ya chakula wanafunzi walifungwa vitambaa machoni, wengine wakaziba masikio, wengine wakapewa viti mwendo wazunguke ua wa hospitali ili “waonje” ulemavu. Ninaelewa nia yake, na ninajua kwamba wanafunzi hupenda zoezi hili kuliko mengine yote. Lakini mtu aliyefungwa kitambaa kwa dakika 20 anajifunza hofu ya dakika 20 za kwanza. Hajifunzi ustadi wa mtu aliyeishi miaka 30 na fimbo nyeupe. Arielle Silverman, mwanasaikolojia asiyeona wa Marekani, na wenzake walichunguza jambo hili na kukuta kwamba watu waliojifanya vipofu kwa muda mfupi walitoka wakiwaona wasioona kuwa na uwezo mdogo zaidi wa kufanya kazi na kujitegemea. Ndivyo nilivyoona kwa macho yangu. Mwanafunzi aliyekuwa akijadiliana na mwalimu wa Kiswahili kama msomi mwenzake siku iliyotangulia alivua kitambaa akasema, kwa machozi ya kweli, “Mungu awape nguvu.” Kazi ya siku nzima ilikuwa imerudishwa nyuma, na huruma ikachukua nafasi ya heshima iliyokuwa imeanza kujengeka.

Upungufu mwingine ni mkubwa zaidi kwa sababu hauonekani. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo alizungumza vizuri, hasa alipoeleza jinsi madaktari walivyohusisha kila kilio cha mwanawe na ubongo mpaka jino bovu likaja kuonekana baada ya wiki kadhaa, lakini yeye ni mzazi. Hakukuwa na mkufunzi hata mmoja mwenye ulemavu wa akili, wala mwenye usonji, wala anayeishi na ugonjwa wa afya ya akili. Huko Uingereza, baada ya kijana Oliver McGowan, aliyekuwa na usonji na ulemavu mdogo wa akili, kufariki mwaka 2016 akiwa na miaka 18, kufuatia kupewa dawa ya magonjwa ya akili ambayo yeye na wazazi wake walikuwa wameikataa, sheria ya mwaka 2022 iliwalazimu watoa huduma za afya kuwapa wafanyakazi wao mafunzo, na mafunzo yanayobeba jina lake hufundishwa kwa kushirikiana na watu wenye ulemavu wa akili na wenye usonji wenyewe. Inawezekana, basi, na kikundi hiki kina uwezo wa kulifanya.

Kuhusu mahali, ukumbi ulikuwa wa ghorofa ya chini, wenye hewa na mwanga wa kutosha, lakini mlango wa choo haukupitisha kiti mwendo, na mwalimu alilazimika kwenda jengo la tatu. Hilo ni kosa la wenye ukumbi, na pia letu tuliokodi bila kukagua. Kitini kilitolewa kwa chapa pekee. Binti mmoja katika kundi langu, ambaye kwa miaka mitano alikuwa akificha kwamba sikio lake moja halisikii, alimfichulia hilo mkufunzi Kiziwi katika mapumziko, nikatambua kwamba tulikuwa tumekaa siku mbili tukizungumza kana kwamba mwenye ulemavu ni mgonjwa siku zote na kamwe si daktari. Kikundi hakikuwa na neno lolote kwa wanafunzi wa aina yake, nacho kinapaswa kuwa nalo.

Wiki sita zimepita. Katika raundi za wodi nimeona wanafunzi wanane au tisa wakivuta kiti na kuketi ili macho yao yalingane na ya mgonjwa, na mizani ya mizigo imehamia rasmi wodini. Nimeona pia jalada lililoandikwa “mlemavu, anasubiri kujifungua”, kwa mwandiko wa mwanafunzi aliyehudhuria siku zote mbili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja mafunzo ya wahudumu wa afya katika ibara ya 25, na nchi ina sheria yake ya mwaka 2010, lakini mwanafunzi husoma kile kitakachotahiniwa. Kwa hiyo nimeweka kituo kimoja katika mtihani wa vitendo wa mwisho wa zamu: kuomba ridhaa kwa mama Kiziwi, mkalimani akiwepo, na alama za kumtazama mama zikiwa sawa na alama za kueleza hatari za upasuaji.

Nimeweka nafasi kwa kundi la Novemba, kwa ada ileile. Nilipompigia kiongozi wa kikundi kumwomba aondoe zoezi la vitambaa, aliniambia kwamba wao wenyewe hawalipendi, ila vyuo viwili vya mwanzo vililidai kama sharti. Tumekubaliana saa hiyo na nusu wapewe vijana wawili wenye ulemavu wa akili kutoka Temeke, watakaowafundisha wanafunzi jinsi ya kueleza sindano kwa sentensi fupi na kusubiri jibu. Ukumbi tumeshabadilisha, nilikwenda nao kuukagua, na mlango wa choo una sentimita 92.